Kabla Hamjamwaga Zege Kismayu

Ramadhani inapokaribia, Mji wa Kale wa Mombasa huwa na michango mingi. Kuna futari ya msikiti, kuna mgonjwa anayepelekwa India, kuna chuo cha Kurani ambacho paa lake linavuja. Na tangu Somalia ilipovunjika mwaka 1991, kuna mchango mmoja ambao hapa si mgeni: nyumba ya mayatima ya ng'ambo ya mpaka, Kismayu, Barawa au visiwa vya Wabajuni, iliyobomolewa au kuporwa, na watu wachache wa Kibokoni na Kuze wenye damu yao huko wamekaa kamati ili kuijenga upya. Tangazo hupita kwenye simu: kuta nne zisizo na paa, watoto wamepangwa mstari mbele yake, nambari ya M-Pesa chini, na maneno machache kuhusu thawabu za mlezi wa yatima.

Kamati hizi ni ndogo. Mwenyekiti ana duka la vitambaa au la vipuri, mweka hazina ni mwalimu mstaafu, katibu ni binti mwenye kompyuta. Hakuna anayelipwa. Vitabu vya hesabu vya jumuiya za namna hii ndiyo kazi yangu, na naweza kusema kwamba wizi si tatizo lao kubwa, ingawa ndio watu wanaopenda kuuzungumza barazani. Tatizo lao ni lile jengo. Rai yangu, na najua itawaudhi wengine, ni kwamba kamati ndogo ya Mombasa haina sababu ya kujenga upya bweni la mayatima katika nchi yenye vita. Pesa za jengo zikipatikana, zijenge au zinunue nyumba ya kupangisha hapa hapa Mombasa, iwekwe wakfu, na kodi yake imfuate mtoto alipo, kwa nyanya yake, kwa shangazi yake, kwa mama yake mwenyewe.

Tuanze na hesabu. Tuchukulie jengo la watoto 40 linagharimu shilingi milioni 6. Ni mfano tu, weka bei yako. Mtoto mmoja ale, avae, asome, atibiwe, na sehemu yake ya mishahara ya mpishi, mlinzi na walezi ilipwe, yote kwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Hiyo ni bei ya kubana sana. Watoto 40 watakula 240,000 kwa mwezi, yaani karibu milioni 2.9 kwa mwaka. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili na kidogo mnatakiwa mchange jengo jingine zima, milele, na safari hii halina picha ya kuonyesha. Saruji na mabati watu hutoa kwa furaha kwa sababu mabati yanahesabika na yakishapigwa misumari yameisha. Mchele wa mwezi wa 31 hauna mfadhili. Mweka hazina yeyote anayafahamu mazungumzo haya:

"Ami, ule mchango wa Kismayu, tumerudi tena."

"Maalim, si mlisema jengo limeshaezekwa?"

"Limeezekwa, alhamdulillahi. Sasa ni matumizi."

"Haya, nipitie mwisho wa mwezi, inshallah."

Na mwisho wa mwezi huo duka limefungwa mapema.

Kuna jambo la pili kuhusu majengo katika vita, nalo ni la kijeshi zaidi kuliko la kihisani. Katika mji ulioharibiwa, nyumba yenye ukuta wa mawe, kisima, geti na vyumba vingi ni mali ya kwanza kutamaniwa na kila mwenye bunduki. Kismayu imebadili mikono mara nyingi tangu 1991, mpaka Jeshi la Ulinzi la Kenya na washirika wake walipoingia mwishoni mwa Septemba 2012. Barawa ilikaa chini ya al-Shabaab miaka kadhaa hadi Oktoba 2014. Kila mwenye kuingia hutafuta pa kulala. Hata shirika kubwa la SOS, lililofungua kijiji chake cha watoto Mogadishu mwaka 1985 na kuvumilia mengi ambayo wengine hawakuyavumilia, lililazimika kuwahamisha watoto wake vita vilipofika kwenye kuta. SOS ina ofisi Ulaya na wanasheria. Kamati ya Kuze ina simu mbili na daftari. Watoto waliotawanyika katika nyumba 40 za mji hawatekwi kwa siku moja, wala mtu hawezi kuwafanya kambi.

Mombasa haikujifunza habari za mayatima wa vita kutoka kwa magazeti. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, watu wa Barawa, Wabajuni na wengine wa Benadir walikuja kwa majahazi na mashua hadi pwani hii, na kambi zikafunguliwa Utange, Hatimy, Swaleh Nguru, Jomvu na kwingineko. Wabarawa, ambao lugha yao ya Chimwini ni ndugu wa karibu wa Kiswahili chetu, walikuta mji ambao tayari walikuwa na wakwe na washirika wa biashara ndani yake. Kambi hizo zilifungwa moja baada ya nyingine kabla ya muongo kwisha, wakaaji wakapelekwa Kakuma na Dadaab au kurejeshwa makwao, na baadhi ya Wabarawa wakachukuliwa na Marekani. Lakini ukiuliza wazee waliokuwapo watakwambia kwamba mtoto aliyefika bila mzazi mara nyingi hakulala kambini usiku wa pili. Alipatikana mtu. Ami wa mama, mke wa binamu, au mtu tu wa mtaa ule ule wa Barawa aliyemjua babake. Haikuandikwa popote, haikuwa na mfadhili, na kwa hiyo haikuhesabiwa kuwa msaada.

Mtoto aliyefika peke yake alikuwa na watu, ila walihitaji kutafutwa. UNICEF ikisema duniani kuna mayatima karibu milioni 140, inahesabu waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliofiwa na wote ni karibu milioni 15. Waliobaki wana mama au baba aliye hai. Katika fikihi tunayosomeshwa vyuoni pia, yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mamake yupo na ana nguvu zake. Kwa hiyo tunapojenga bweni la mayatima, mara nyingi sana tunajenga mahali pa kumtenga mtoto na mamake kwa sababu mamake ni maskini. Mwenye pesa angempa mama, mtoto angebaki nyumbani. Mama wa Kismayu anayesikia kwamba kuna nyumba yenye chakula mara tatu kwa siku na mwalimu wa Kiingereza atampeleka mwanawe, na atakuwa amefanya hesabu sahihi. Kituo kinajaa, kamati inaona kwamba haja ni kubwa kuliko ilivyodhani, na inaanza kuchangisha ghorofa ya pili.

Wapo watakaonijibu kwa Freretown, na ni jibu zuri. Ng'ambo ya kisiwa, Kisauni, wamishenari wa Kianglikana wa CMS wakiongozwa na William Salter Price, aliyefika Mombasa Novemba 1874, walianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa na manowari za Uingereza. Yalipewa jina la Bartle Frere, aliyetumwa mwaka 1873 kumshinikiza Sultan Barghash wa Zanzibar afunge biashara ya watumwa. Septemba 1875 manowari ya HMS Thetis ilishusha hapo zaidi ya watu 200 kwa mkupuo mmoja, watoto wengi wakiwamo, na mabweni ya wavulana na wasichana yakawa moyo wa mji ule mdogo. Kengele iliyotundikwa kuwaonya dhidi ya wavamizi bado ipo, na mtaa wa Kengeleni umepata jina kwayo. Je, si nyumba ya mayatima wa vita iliyofanikiwa?

Ilifanikiwa kwa kadiri yake, na sababu yake ni ile ile inayotukosesha sisi udhuru. Watoto wa Thetis wengi walitekwa mbali kusini, miongoni mwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa, wakatembezwa miezi hadi pwani na kuuzwa zaidi ya mara moja. Hapakuwa na namna ya kumtafuta nyanya. Hata angepatikana, njia ya kumrudishia mjukuu wake ilipita kwa wauzaji wale wale. Bweni lilikuwa ndilo jamaa pekee lililobaki. Na hata hivyo gharama yake ilionekana: waliolelewa pale walibaki vizazi kadhaa kuwa jamii ya peke yake, si Wamijikenda wa Rabai, si Waswahili wa kisiwani, wakioana wenyewe kwa wenyewe na kutegemea kanisa kwa kazi na ardhi. Mtoto wa Kismayu wa leo ana shangazi mwenye simu Eastleigh, ami Leicester na binamu Kibokoni. Kumtafutia jamaa kunahitaji vocha na uvumilivu. Hakuhitaji mfuko hata mmoja wa saruji.

Rwanda ilifanya kazi hiyo kwa ukubwa ambao hatujawahi kuuona huku. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 vituo vya watoto viliongezeka maradufu ndani ya mwaka mmoja, kila shirika likija na hema lake. Msalaba Mwekundu, Save the Children na UNICEF wakaandikisha watoto waliotengana na jamaa zao kwa makumi ya maelfu, picha zikabandikwa, majina yakasomwa redioni, na wengi sana wakarudi kwa watu wao. Vituo vilivyobaki vilibaki kwa mazoea tu. Serikali ilipoamua mwaka 2012 kuvifunga, ukaguzi ulikuta vituo 33 na watoto zaidi ya 3,300, miaka 18 baada ya vita. Baadhi ya majengo yaligeuzwa kuwa shule za chekechea. Kumbe mtoto angeweza kuzaliwa baada ya vita na bado akaishi katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mayatima wa vita.

Sasa niseme upande wa pili, maana wanaopinga vituo huwa wanauruka. Ushahidi unaotajwa zaidi ni wa Romania. Nicolae Ceauşescu alipoanguka mwaka 1989 dunia iliona watoto wachanga waliofungiwa kwenye vitanda vya chuma, na utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000, ukiwafuatilia watoto 136, ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwa familia mapema walikua vizuri zaidi, akili na mapenzi, kuliko waliobaki. Ni utafiti madhubuti. Lakini ulihusu watoto wachanga katika taasisi mbovu za dola. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha matokeo ya watoto karibu 3,000 wa miaka 6 hadi 12 katika nchi tano, Kenya na Tanzania zikiwamo, na hawakukuta kwamba waliokuwa vituoni walikuwa na hali mbaya kuliko mayatima waliolelewa mitaani mwao. Kwenye mambo mengine walikuwa afadhali kidogo. Anayetaka kujenga bweni la watoto wa umri wa shule ana haki ya kunirushia karatasi hiyo.

Naipokea. Inanifundisha kwamba nyumba ya jamaa si pepo. Na hapa pwani tunalijua hilo ingawa hatupendi kulisema. Mtoto wa kulelewa anaweza kuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Anakula baada ya wenzake. Wenye nyumba wakienda harusini yeye hubaki na mtoto mchanga. Kila mtu mtaani anamwita "mtoto wao", na anafua nguo za watoto wao. Somalia kuna jambo zito zaidi. Ulinzi wa mtu huko unapita kwenye ukoo, na ukoo wenye nguvu humlinda yatima wake. Mbajuni, Mbarawa na Msomali wa asili ya Kibantu hawana ukoo wenye bunduki nyuma yao, na ndugu zao wenyewe wamefukuzwa makwao. Kusema tu "mrudisheni kwa jamaa" kwa mtoto wa namna hii ni kumwachia mzigo mtu asiye na mgongo. Ikiwa kuna hoja moja ya haki ya kujenga nyumba, ni kwa ajili ya hawa, na hata hapo iwe ni nyumba ndogo ya kupokelea, ya majuma machache, wakati watu wake wanatafutwa, yenye daftari la kuingia na la kutoka.

Kwa waliobaki, swali linakuwa ni nani atakayeangalia. Kamati iliyoko Mombasa haiwezi kutuma mkaguzi kila mwezi. Lakini kila mtaa wa Waislamu wa pwani hii, kuanzia Barawa hadi Kilwa, una mtu anayemwona mtoto kwa macho yake karibu kila siku: maalim wa chuo. Anajua nani amekuja na nguo ile ile wiki nzima, nani ana jeraha, nani hakuja tangu Jumatatu. Malipo ya mwezi yakifungwa na mahudhurio ya chuo na shule, na maalim akalipwa kitu kidogo kwa kazi ya kuandika na kutuma daftari, mnapata ukaguzi wa bei ndogo kuliko mshahara wa mlinzi wa geti. Maalim mwenyewe anaweza kuwa tatizo, ndiyo. Kwa hiyo awepo mtu wa pili, mwanamke, asiye jamaa yake, anayeruhusiwa kuingia ndani ya nyumba ambamo maalim hawezi kuingia. Bila huyo mwanamke mpango wote sitauamini, hasa kwa wasichana.

Haya, na pesa zitoke wapi? Hapa ndipo Mji wa Kale una elimu yake yenyewe na unaisahau. Misikiti yetu mingi haikuishi kwa harambee. Iliishi kwa kodi. Mtu alikuwa na duka au nyumba, akaiweka wakfu, na tangu siku hiyo haiuzwi, hairithiwi, na mapato yake yana njia moja tu. Wakoloni walipokuta mali nyingi kiasi hicho zisizouzika waliziwekea tume ya wakfu mapema, kwa sheria ya mwaka 1900, na hadi leo Kamisheni ya Wakfu ina makao yake Mombasa. Mahakama za Kiingereza zilizielewa nusu nusu. Wakfu wa msikiti ziliukubali, lakini wakfu ambao kwanza ulinufaisha kizazi cha mwenye mali zilikuwa zikiubatilisha, na kesi iliyotoka pwani yetu ilifika hadi London mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaangukia huko. Kwa bahati wakfu wa mayatima ni wa hisani moja kwa moja, hauna mgogoro huo.

Mtego uko kwingine. Nyumba nyingi za wakfu unazoziona Mji wa Kale zikiwa na boriti zilizooza na chokaa inayodondoka zina wapangaji, tena wa miaka mingi, wanaolipa kodi ambayo haitoshi kununua mlango. Sheria ya kudhibiti kodi bado inazilinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mpangaji wa duka naye ana sheria yake ya tangu 1965 inayofanya kumwongezea kodi au kumtoa kuwa safari ya mahakamani. Juu ya hayo, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990. Huwezi kubomoa roshani wala kubadili dirisha bila idhini ya ofisi ya hifadhi, na fundi anayejua kazi ya mawe ya matumbawe na chokaa hagharimu sawa na fundi wa tofali. Kwa mapenzi yangu yote kwa mitaa hii, sishauri kamati inunue humu. Wala isinunue zile nyumba za Majengo ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi, desturi ya Mombasa inayowashangaza wageni: unauziwa kuta na paa, na chini yake unamlipa mtu mwingine kodi ya ardhi. Huwezi kuweka wakfu kitu ambacho msingi wake si wako. Tafuteni fremu za maduka au vyumba vyenye hati safi, Tudor, Changamwe, Likoni au Mtwapa, mwandike mkataba wa wakfu wenye majina ya wasimamizi watatu wasio wa familia moja, na mkataba wa kupangisha unaosema wazi kodi itapanda lini.

Ile milioni 6 ya mfano wetu haitalisha watoto 40 kwa kodi peke yake. Huenda ikawatunza kumi, au kumi na watano, tena kwa kiasi kidogo. Nalijua hilo, na ndiyo maana mpango huu hauvutii. Lakini wale kumi hawatakosa chakula kwa sababu mwenyekiti amefariki au kwa sababu mwaka huu watu wamechangia Gaza, kama ilivyo haki yao. Kamati nyingi ninazozijua zingefanya vyema kuanza na kumi.

Suala la kupeleka pesa ni la mwisho na ndilo linalowatisha watu, tena kwa sababu. Baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya Agosti 1998, serikali ya Kenya iliyafutia usajili mashirika kadhaa ya Kiislamu, mengine yakiwa yanalisha mayatima. Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, orodha ya watu na taasisi zaidi ya 80 ilitolewa na akaunti zikafungwa, zikiwamo za mashirika ya haki za binadamu ya hapa Mombasa, MUHURI na Haki Africa. Ilipofika Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mashirika hayo mawili yafunguliwe. Wakati ule ule leseni za kampuni 13 za hawala zilisimamishwa, hazikurudi hadi Juni. Fikiria bweni lenye watoto 40 lililotegemea hawala ya kila mwezi likakosa ya Aprili, ya Mei na nusu ya Juni. Mpishi ataondoka, kisha mlinzi. Familia 40 zitaumia vilevile, ila kila moja ina pa kukopa dukani, ina samaki wa jirani, ina mtu wa kumwambia "nisubiri". Taasisi haikopeshwi unga.

Kwa sababu hiyo karatasi za kamati ndogo ziwe safi kuliko za shirika kubwa. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyopitishwa 2013 na kulala miaka 11, ilianza kutumika Mei 2024. Februari mwaka huo huo Kenya iliingizwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kudhibiti pesa haramu, na benki tangu hapo zinauliza maswali ambayo hapo awali hazikuuliza. Mwenye kutuma shilingi 5,000 kwa mama mmoja mwenye jina, kitambulisho na namba ya simu, ana jibu. Mwenye kutuma laki mbili na nusu kwa "meneja wa kituo" ana maelezo marefu ya kutoa.

Kinachonishangaza ni kwamba tunataka kujenga ng'ambo kile ambacho nyumbani kinafungwa. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto Novemba 2017, baada ya kugundulika kwamba vingine vilikuwa milango ya biashara ya watoto, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto zaidi ya 45,000 walioko vituoni warudi katika familia ndani ya miaka kumi. Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kwa jina kafala, yaani malezi ya mtoto nyumbani kwa mlezi kwa mujibu wa sharia ya Kiislamu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 nao unaitaja, katika kifungu cha 20. Somalia iliporidhia mkataba huo mwaka 2015 ilijitoa kwenye kifungu hicho pamoja na kile cha kuasili, ikihofia vinapingana na sharia, jambo la ajabu kwa kuwa ndicho kifungu pekee cha mkataba kilichokumbuka kuiandika kafala. Wanasheria wa Mogadishu na wabishane. Mama wa Kismayu hahitaji kuwasubiri.

Mwenye shaka kwamba dini inataka jengo asome tena mwanzo wa Suratun Nisaa. Jambo la yatima linaloshughulikiwa pale ni mali yake: isichanganywe na ya mlezi, isibadilishwe nzuri kwa mbaya, isiliwe haraka kabla hajakua, na siku ya kumkabidhi wawepo mashahidi. Ni aya za mkaguzi wa hesabu. Zinadhani tayari kwamba mtoto yumo ndani ya nyumba ya mtu.

Kwa kamati iliyo tayari kubadili nia, fomu ya mtoto isizidi ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza ni jina la anayeishi naye na uhusiano wao, na si jina la mtoto. Halafu namba ya simu ya mtu huyo na ya jirani yake, jina la maalim, jina la yule mwanamke anayeingia ndani, jamaa wengine walio hai na miji walimo hata ikiwa ni London au Columbus, maana hao ndio wa kuchangishwa kabla ya sisi. Shule, darasa. Kiasi cha kila mwezi. Na chini kabisa, iandikwe tangu siku ya kwanza, tarehe ambayo malipo yatasimama na kazi atakayokuwa amefundishwa kufikia siku hiyo.